Kabla ya Kuuliza Kwa Nini Walichora, Tutazame Walichoraje

Kwa zaidi ya karne moja wataalamu wamekuwa wakijiuliza kwa nini watu wa kale walichora mapangoni, na karibu kila kizazi cha wataalamu kimekuja na jibu moja, kikalitetea kwa nguvu zote, kisha kikaliona likibomolewa na kizazi kilichofuata. Kwa maoni yangu, kilichowakwamisha si uchache wa ushahidi, bali ni mpangilio wa maswali. Swali la nia liliwekwa mbele ya swali la utendaji. Tukianza na mambo yanayopimika, yaani rangi ilitengenezwaje, mwanga ulitoka wapi, mchoraji alisimama au alilala mahali gani, na nani alikuwa pamoja naye, sehemu kubwa ya lile swali gumu hupungua uzito, na sehemu inayobaki hudhihirika kuwa haikuwa na jibu moja tangu mwanzo.

Tuanze na rangi yenyewe. Katika pango la Blombos, kwenye pwani ya kusini ya Afrika Kusini, timu ya mwanaakiolojia Christopher Henshilwood ilifukua makombe mawili makubwa ya konokono wa baharini ambayo yalitumika kama vyombo vya kuchanganyia rangi miaka ipatayo 100,000 iliyopita. Ndani ya makombe hayo mlikutwa unga wa ngeu, ule udongo mwekundu wenye madini ya chuma, pamoja na mifupa iliyopondwa, mkaa na dalili za kimiminika kilichotumiwa kuulainisha mchanganyiko. Kando yake kulikuwa na mawe ya kusagia. Katika pango hilohilo vimepatikana vipande vya ngeu vilivyochanjwa mistari inayokatana, vyenye umri wa miaka kama 75,000, na kipande kidogo cha jiwe kilichochorwa mistari ya namna hiyo kwa ncha ya ngeu miaka kama 73,000 iliyopita.

Ukiyatazama makombe yale kwa makini, unamwona mtu aliyejua mengi kabla hajaanza kazi. Alijua kwamba unga mkavu hauwezi kushika vizuri, kwamba mfupa una mafuta yanayoweza kuufunga unga huo, na kwamba viambato hivi vinapaswa kukusanywa kutoka sehemu mbalimbali, kusagwa, kisha kukorogwa katika chombo kisichovuja. Ujuzi wa namna hii haumjii mtu kwa bahati mchana mmoja. Hufundishwa na kurithishwa. Kwa sababu hiyo sikubaliani na simulizi iliyozoeleka kwamba sanaa ililipuka ghafla Ulaya miaka 40,000 hivi iliyopita, kana kwamba binadamu aliamka asubuhi moja akiwa msanii. Rangi ilikuwa imekwisha kutengenezwa Afrika makumi ya maelfu ya miaka kabla ya hapo, na katika kisiwa cha Sulawesi, Indonesia, mchoro wa nguruwe akiwa na maumbo matatu yanayofanana na watu, katika pango la Leang Karampuang, umepimwa na kuonekana kuwa na umri usiopungua miaka 51,200. Umri huo ulipatikana kwa kupima urani na thoriamu, elementi zinazobadilika kwa kasi inayojulikana, katika utando wa chokaa uliotanda juu ya rangi, kwa kuwa ngeu haina kaboni inayoweza kupimwa kama inavyopimwa ya mkaa.

Baada ya rangi kuna mkono na mdomo. Mfaransa Michel Lorblanchet, aliyetumia miaka mingi kuchunguza pango la Pech Merle nchini Ufaransa, aliamua kuwachora upya farasi wawili wenye madoadoa wa pango hilo, ambao umri wao ni kama miaka 25,000, akitumia njia aliyodhani ndiyo iliyotumika. Alitafuna unga wa mkaa, akauchanganya na mate, akaupuliza ukutani kidogo kidogo huku akikinga kwa kiganja ili kupata ukingo uliokatika vizuri. Kazi nzima ilimchukua saa 32. Njia hiyohiyo ya kupuliza ndiyo iliyoacha vivuli vya viganja katika mapango mengi duniani: mtu anaweka mkono ukutani, rangi inapulizwa, mkono unaondolewa, na umbo lake linabaki. Kwa miaka mingi walikuwapo watu waliodai kuwa yale madoadoa ya farasi wa Pech Merle hayakuwa ya mnyama halisi bali ya njozi. Mwaka 2011 uchunguzi wa vinasaba kutoka katika mifupa ya farasi wa kale ulionyesha kwamba farasi wenye madoadoa walikuwapo Ulaya enzi hizo. Huenda mchoraji alichora alichokiona. Huu ni mfano mzuri wa nadharia ya nia iliyotangulizwa mbele ya uchunguzi wa jambo la kawaida kabisa.

Jambo la tatu, na kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote, ni giza. Katika mapango makubwa ya Ufaransa na Hispania, watu hawakuishi mle ndani walimochora. Waliishi mdomoni mwa mapango au chini ya miamba iliyochomoza, panapopata jua na hewa. Kufika kwenye michoro kulihitaji safari ya makusudi: kubeba taa, kupita mahali pembamba, wakati mwingine kutambaa kwa tumbo. Taa zao zilikuwa vipande vya mawe vilivyochimbwa kidogo katikati, vikawekwa mafuta ya wanyama na utambi. Katika pango la Lascaux, Ufaransa, imepatikana taa ya jiwe jekundu iliyosuguliwa ikang'aa, yenye mpini uliochorwa alama zinazofanana na alama zilizo kwenye kuta za pango hilo. Taa ya namna hii ilitoa mwanga usiozidi wa mshumaa mmoja, tena mwanga unaochezacheza. Mchoraji hakuweza kuona ukuta mzima kwa mara moja; alikiona kipande kilicho mbele ya mkono wake, na kilichobaki alikishika kichwani.

Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini ukuta wenyewe ni mshirika katika michoro hii. Katika pango la Altamira, kaskazini mwa Hispania, wachoraji waliyatumia matuta ya dari kuwa migongo na mapaja ya baisani, aina ya ng'ombe mwitu, hata mnyama akaonekana kama anajitokeza kwenye jiwe. Katika pango la Chauvet, kwenye bonde la Ardèche nchini Ufaransa, ambako michoro ya kwanza ina umri wa miaka kama 36,000, wachoraji waliukwangua ukuta kwanza ili kupata uso mweupe, wakachora kwa mkaa wa msonobari, kisha wakausugua ule mkaa ili kupata kivuli shingoni na mashavuni mwa simba na farasi. Mtu anayefanya hivyo hafuati mazoea tu. Anafikiri, anasahihisha, anatafuta. Nikisoma maandishi yanayowaita watu hawa washamba wa kihistoria, hunisikitisha, kwa sababu kosa hilo limekwisha kutugharimu.

Mwaka 1879 Mhispania Marcelino Sanz de Sautuola alikuwa akichimba sakafu ya pango la Altamira wakati binti yake mdogo, María, alipoinua macho na kuwaona wanyama kwenye dari. Sautuola alichapisha habari hizo mwaka uliofuata, akakataliwa na mabingwa wa fani wa wakati huo, wakiongozwa na Émile Cartailhac wa Ufaransa, ambao hawakuweza kuamini kwamba watu wa zama za mawe walikuwa na uwezo wa kuchora vile. Sautuola alifariki mwaka 1888 akiwa bado hajaaminiwa. Cartailhac alikiri kosa lake hadharani mwaka 1902, baada ya michoro mingine kupatikana katika mapango ya Ufaransa. Uwezo wa wachoraji ulikanwa kwa sababu nadharia juu yao ilikuwa imekwisha kuandikwa.

Nadharia iliyofuata ilikuwa ya uwindaji. Mwanaakiolojia Mfaransa Salomon Reinach, mwanzoni mwa karne ya 20, alisema watu walimchora mnyama ili wampate porini, na padri Henri Breuil, aliyenakili michoro mingi kuliko mtu yeyote wa wakati wake, akaieneza fikra hiyo. Ni maelezo yanayovutia, lakini hayavumilii hesabu. Mifupa iliyoachwa na watu waliochora Lascaux inaonyesha kwamba nyama yao kubwa ilikuwa ya kulungu wa nchi za baridi, yule mwenye pembe kubwa za matawi. Lakini katika mamia ya wanyama waliochorwa Lascaux, kulungu huyo anatambulika mara moja tu. Chauvet imejaa simba, vifaru, mamothi (tembo wa kale wenye manyoya) na dubu, wanyama ambao hawakuwa kitoweo cha kila siku cha mtu yeyote. Na wanyama waliochorwa wakiwa na mikuki mwilini ni wachache kwa jumla.

Mwanaakiolojia Mfaransa André Leroi-Gourhan alikuja na njia ya kuhesabu. Aliorodhesha wanyama na mahali walipochorwa katika mapango mengi, akaona kwamba farasi na baisani wanatawala sehemu za katikati, akahitimisha kwamba pango lote lilipangwa kwa jozi ya vitu viwili vinavyokamilishana, kama jinsia mbili. Namheshimu sana kwa sababu alitufundisha kutazama mahali mchoro ulipo na si umbo lake tu. Lakini ngazi yake ya mitindo, iliyopanda kutoka uchoraji duni hadi ulio bora kadiri miaka ilivyosogea, ilivunjika tarehe 18 Desemba 1994, siku ambayo Jean-Marie Chauvet na wenzake wawili waliingia katika pango lililopewa jina lake na kukuta kazi ya hali ya juu kabisa iliyotangulia Lascaux kwa maelfu kwa maelfu ya miaka.

Kisha Mfaransa Jean Clottes na David Lewis-Williams wa Afrika Kusini, wote wanaakiolojia, mwaka 1996 wakasema wachoraji walikuwa waganga waliokuwa wakipandisha mizimu, na kwamba ukuta wa pango ulikuwa pazia kati ya dunia hii na ile ya mizimu. Lewis-Williams alikuwa na msingi imara kwa upande wa kusini mwa Afrika, kwa sababu katika miaka ya 1870 watafiti wa lugha Wilhelm Bleek na Lucy Lloyd waliandika maelezo mengi kutoka vinywani mwa Wasani, wawindaji wa asili wa Rasi ya Afrika Kusini, na katika maelezo hayo pofu, mnyama anayechorwa sana katika milima ya Drakensberg, ana uzito mkubwa wa kiroho. Nadharia hii ndiyo inayovipa giza na ukuta nafasi vinavyostahili, na kwa hilo ni bora kuliko zilizoitangulia. Udhaifu wake ni upana. Ushahidi uliotoka kwa watu wanaojulikana, waliozungumza lugha inayojulikana, umetandazwa juu ya watu wa bara jingine waliotengana nao kwa zaidi ya miaka 10,000, kwa hoja kwamba ubongo wa binadamu ni mmoja. Ubongo ni mmoja, ni kweli. Lakini huo huo mmoja umezaa ngoma, swala, soko na mahakama, na hatuwezi kusema vyote vina sababu moja.

Nikirudi kwenye utendaji, naona jambo ambalo nadharia zote hizi zimelipita haraka: mara nyingi kilichokuwa na maana ni kule kuchora kwenyewe, zaidi ya picha iliyobaki. Katika pango la Rouffignac, Ufaransa, kuna mistari iliyochorwa kwa vidole juu ya utando laini wa kuta na dari. Upana wa alama hizo umepimwa, ikaonekana kwamba nyingine ni za watoto wadogo, akiwamo mmoja wa miaka mitano hivi, na baadhi ziko juu sana, mahali ambapo mtoto hawezi kufika bila kuinuliwa na mtu mzima. Fikiria watu wazima wakimchukua mtoto wa miaka mitano gizani, mbali na mlango, wakamnyanyua begani ili apitishe vidole vyake darini. Hapo hapatengenezwi picha ya kuja kutazamwa. Panafanyika tendo, na mtoto anaingizwa katika tendo hilo. Kwingineko wanyama wamechorwa juu ya wanyama wengine hata mistari ikavurugana, ingawa pembeni kuna ukuta mtupu wa kutosha. Mtu anayetaka picha yake ionekane hachori hivyo.

Upo upande wa pili, nao ni wa kweli. Ukumbi wa mafahali wa Lascaux una fahali mwenye urefu wa zaidi ya mita 5, na katika njia inayofuata ukumbi huo kuna mashimo ukutani ambamo magogo yalichomekwa ili kutengeneza jukwaa la kusimamia. Kazi kama hiyo ilihitaji watu wa kukata miti, kubeba, kuwasha taa na kuandaa rangi, na ukumbi wenyewe unatosha kukusanya watu wengi. Ilifanywa ionekane. Lakini ndani ya Lascaux hiyohiyo kuna shimo refu ambamo watu wachache tu wangeweza kushuka, na huko chini ndiko alikochorwa mtu mwenye kichwa cha ndege akianguka mbele ya baisani aliyejeruhiwa. Pango moja lina mahali pa wengi na mahali pa wachache, na sioni sababu ya kulazimisha pawe na nia moja.

Afrika Mashariki na jirani zake zina la kusema hapa, kwa sababu ushahidi wa huku haujakauka wote. Michoro ya miambani ya Kondoa, Tanzania, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, imetapakaa katika eneo la kilomita za mraba 2,336 kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, ikiwa na maeneo zaidi ya 150 ya michoro. Watu huyaita mapango, ingawa mengi ni miamba iliyochomoza na kufanya paa, panapoingia mwanga wa mchana. Mwanaakiolojia Mary Leakey alifanya kazi kubwa ya kuinakili mwaka 1951. Kuna michoro myekundu ya mistari myembamba, yenye twiga, tembo, pofu na watu warefu wembamba wenye vichwa vilivyopambwa, ambayo huhusishwa na wawindaji wa kale, na mahali pengi juu yake imepakwa michoro myeupe, minene, ya wakulima waliokuja baadaye. Hapa hakuna giza wala safari ya kutambaa. Nadharia inayotegemea giza peke yake inakwama Kolo, mojawapo ya sehemu zenye michoro huko Kondoa, kabla haijaanza kazi.

Wasandawe, wanaoishi jirani na eneo hilo na ambao lugha yao ina sauti za kidoko, zinazotolewa kwa kugonga ulimi, walihojiwa na mtafiti Eric Ten Raa katika miaka ya 1960. Maelezo aliyoyapata hayakuwa na sababu moja. Ipo michoro iliyochorwa kupitisha muda tu, ipo iliyohusiana na uwindaji, na ipo iliyohusiana na tambiko za ukoo zilizofanyika miambani. Aliandika pia habari za simbo, ngoma ya usiku ambamo wachezaji hupandisha na kuwa kama simba ili kuwakabili wachawi. Kwa hiyo Reinach angepata Usandawe sehemu ya hoja yake, na Lewis-Williams angepata sehemu yake, na bado ingebaki sehemu ya tatu, ya mtu aliyekaa kivulini na kipande cha ngeu mkononi, ambayo hakuna nadharia kubwa iliyotaka kuikubali.

Mfano wa Malawi ni mzito zaidi. Eneo la Chongoni, ambalo nalo liliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, lina maeneo 127 ya michoro. Ile myekundu, ya maumbo ya kijiometri, inahusishwa na Batwa wa kale, watu walioishi kwa uwindaji. Ile myeupe ni ya Wachewa, na kwa sehemu kubwa ilikuwa kazi ya wanawake, iliyofungamana na chinamwali, mafunzo ya wasichana wanapovunja ungo. Msomaji aliyekulia mahali penye unyago hahitaji maelezo marefu: mwali hufundishwa kwa wimbo, kwa ngoma, kwa vinyago na kwa alama, na maana ya alama hutolewa na kungwi pale pale inapoonyeshwa. Lau wanawake wa Kichewa wangekuwa wamepotea pamoja na habari zao, mtaalamu kutoka mbali angekuja kuyakuta maumbo yale meupe yanayofanana na wanyama waliotandazwa, akayaita uchawi wa uwindaji au njozi za mganga, na angesifiwa kwa ufasaha wake. Hapa mchoraji ni mwanamke, nia ni mafunzo, na mnyama si kitoweo.

Ndiyo maana suala la Kondoa kwangu ni la dharura. Mungomi wa Kolo, mwamba wenye michoro huko Kondoa, si makumbusho ya vitu vilivyokufa. Ni mahali ambapo wenyeji wameendelea kwenda kutambika, kuomba mvua na kutafuta uponyaji. Kwa mtazamo wa uhifadhi wa kawaida, mambo hayo huonekana kama kero: moshi, pombe inayomwagwa, watu wanaoingia bila tikiti. Ni kweli kwamba mchoro unaweza kuharibika. Lascaux ilifungwa kwa umma mwaka 1963, miaka 15 tu baada ya kufunguliwa, kwa sababu pumzi za watalii na taa za umeme zilileta mwani na utando kwenye kuta, na Chauvet haijawahi kamwe kufunguliwa kwa umma. Kondoa yenyewe imeumizwa na tabia ya wageni kumwagia maji michoro ili rangi ing'ae wapige picha, jambo linaloacha chumvi na kuifisha rangi. Wageni hao wazuiwe kwa ukali. Lakini kumweka mzee wa tambiko katika fungu moja na mtalii mwenye chupa ya maji ni kutoelewa kinacholindwa.

Kazi inayotakiwa sasa haina gharama kubwa ikilinganishwa na uzio na barabara. Kila eneo lenye michoro linapaswa kuandikiwa, pamoja na vipimo na picha, habari za nani bado hufika hapo, msimu gani, kwa shida ipi, huleta nini, nani ana haki ya kuongoza tambiko na nani hukatazwa kusogea. Wahojiwe wanawake peke yao na wanaume peke yao, kwa Kirangi, Kisandawe na lugha nyingine za wenyeji, na wahojiwe pale pale mwambani. Yale ambayo wenyewe wanasema ni siri yaachwe kuwa siri. Wazee wanaozijua habari hizi wanazidi kupungua, ilhali rangi ya ukutani, ikiachwa bila kumwagiwa maji, inaweza kuwasubiri watafiti kwa muda mrefu zaidi.